Kompyuta Maabarani: Utunzaji wa Tarakimu na Nasaba Yake

Kazi ya maabara haikomi pale kipimo kinaposomwa. Fundi sanifu akishaona tarakimu zimetulia juu ya kioo cha chombo chake, bado ipo safari ndefu kabla ya matokeo hayo kumfikia daktari, mhandisi wa maji au mkaguzi wa chakula aliyeyaomba. Katika safari hiyo tarakimu huandikwa, hunakiliwa, huzidishwa, huwekwa katika wastani, na mwishowe hupigwa chapa katika taarifa. Watu wengi hudhani kwamba makosa ya maabara hutokana na vyombo vibovu au kemikali zilizochakaa. Lakini uchunguzi uliofanywa katika maabara za hospitali umeonyesha mara kwa mara kwamba makosa mengi zaidi hutokea kabla ya kupima na baada ya kupima kuliko wakati wa kupima kwenyewe. Ni katika sehemu hizo mbili ndipo programu za kompyuta zinapoweza kuleta msaada mkubwa. Na ni huko huko zinapoweza, zikitumiwa bila ya hadhari, kuleta madhara yaliyozidi yale ya kalamu na karatasi.

Chukua mfano wa chupa ya maji ya kisima iliyoletwa kupimwa. Hupewa namba, tuseme 4127. Karani huiandika namba hiyo katika daftari la mapokezi. Fundi huinakili katika karatasi yake ya kazi, kisha juu ya vichupa vidogo vya kupimia, kisha katika daftari la vipimo. Na mwisho mpiga chapa huinakili katika barua ya majibu. Kosa lililozoeleka katika unakili wa namna hiyo ni kupindua tarakimu mbili zinazofuatana, 4127 ikawa 1427. Ubaya wake ni kwamba halionekani. Namba 1427 nayo ni halali, ila ni ya kisima kingine, cha kijiji kingine.

Dawa ya kosa hilo ilipatikana zamani. Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, alipata hataza nchini Marekani mwaka 1960 kwa njia ya kuongeza tarakimu moja ya ulinzi mwishoni mwa namba. Hesabu yake ni nyepesi. Ukianzia kulia, tarakimu ya kwanza huzidishwa kwa 2, ya pili huachwa, ya tatu huzidishwa, na kuendelea. Zao likizidi 9, tarakimu zake mbili hujumlishwa. Kwa 4127, ile 7 huwa 14, yaani 1 na 4, ambazo ni 5. 2 hubaki 2. 1 huwa 2. 4 hubaki 4. Jumla ni 13. Kinachohitajika ili kufikia 20 ni 7, na kwa hiyo namba kamili ya sampuli huwa 41277. Mtu akiipindua ikawa 14277, kompyuta hurudia hesabu, huona kwamba tarakimu ya ulinzi ingepasa kuwa 4 wala si 7, na hukataa kuipokea. Njia hii hunasa kila kosa la tarakimu moja, na kila upinduaji wa tarakimu jirani isipokuwa ule wa 09 na 90. Kibandiko chenye mistari myeusi, ambacho siku hizi hubandikwa juu ya vichupa na kusomwa na mashine, kina faida zaidi, kwa sababu huondoa unakili wa mkono kabisa.

Hata hivyo, namba ya sampuli ni mwanzo tu. Thamani yoyote inayotoka katika chombo ni yatima mpaka iunganishwe na nasaba yake: ni ya sampuli ipi, imepimwa kwa njia gani, katika kizio gani, lini, na nani. Jambo la kizio laonekana dogo, lakini kwa mpimaji wa maji laweza kuwa suala la uhai wa mtoto mchanga. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha naitreti katika maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga, ambao naitreti ikizidi huharibu uwezo wa damu yao kubeba oksijeni. Maabara nyingine hutoa majibu kwa uzito wa naitreti yenyewe. Nyingine kwa uzito wa naitrojeni iliyomo ndani yake. Vyote viwili huandikwa miligramu kwa lita. Ili kupata cha kwanza kutokana na cha pili hupaswa kuzidisha kwa 4.43. Basi taarifa yenye neno «naitreti» na tarakimu 20, isiyoeleza zaidi, yaweza kuwa ya maji salama, au yaweza kuwa ya maji yenye naitreti 89, karibu maradufu ya kikomo. Makosa ya vizio vya glukosi ya damu hugunduliwa upesi, kwa kuwa 7 na 126, ambazo ni thamani ile ile katika vizio viwili, haziwezi kuchanganywa na mtu mwenye ujuzi. Lakini 20 ya naitreti haimshtui mtu yeyote.

Wakati nao una mtego wake, na huu ni wa wasemaji wa Kiswahili hasa. Fundi akiandika kwamba damu ilitolewa «saa 2», kila mwenzake huelewa kuwa ni asubuhi, jua limekwisha panda. Kompyuta huelewa kuwa ni saa mbili baada ya usiku wa manane, yaani saa 8 za usiku kwa hesabu yetu. Tofauti ni ya saa 6. Sasa, damu iliyowekwa katika kichupa cha kawaida bila ya kutenganishwa chembe zake hupungukiwa na glukosi kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, kwa sababu chembe zile bado ni hai na zinaendelea kuila sukari. Kwa hiyo programu iliyopangwa kukataa damu iliyokaa muda mrefu itaikataa sampuli iliyo njema kabisa, na mgonjwa atarudishwa kuchomwa sindano mara ya pili. Tarehe pia huleta utata: 03/04 ni Aprili 3 Dar es Salaam, na ni Machi 4 kwa programu iliyotungwa Marekani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa kwanza mwaka 1988, huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na kutumia saa 24. Lakini lililo bora zaidi ni kompyuta yenyewe kupiga muhuri wa wakati pale sampuli inapopokelewa.

Maabara nyingi, zikitaka kuacha daftari, hukimbilia programu za majedwali kama vile Excel. Hazifai kulaumiwa, kwa kuwa programu hizo zimo karibu katika kila kompyuta na hujifunzwa kwa siku chache. Ila zilibuniwa kwa ajili ya mahesabu, wala si kwa ajili ya utunzaji wa kumbukumbu, na zina tabia ya kukisia maana ya kilichoandikwa. Namba ya sampuli 00412 hugeuzwa 412. Matokeo 7.10, ambayo sifuri yake ya mwisho humweleza msomaji kwamba kipimo ni sahihi hadi sehemu ya mia, huonyeshwa 7.1. Wataalamu wa urithi wana jeni iliyokuwa ikiitwa SEPT2. Excel huiona kuwa ni tarehe 2 ya Septemba na huiandika hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walichapisha katika jarida la Genome Biology uchunguzi wa makala za kisayansi zilizoambatana na orodha za jeni katika majalada ya Excel, wakakuta kwamba takriban moja katika kila tano ilikuwa na makosa ya aina hiyo. Hatimaye, mwaka 2020, kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kuyabadili majina yaliyofanana na tarehe, na SEPT2 sasa huitwa SEPTIN2. Ni ajabu kidogo kwamba wanasayansi walilazimika kubadili lugha yao ili kuiridhisha programu ya majedwali.

Hasara kubwa zaidi ilitokea Uingereza mwaka huo huo, wakati wa janga la UVIKO-19. Maabara zilikuwa zikipeleka majibu katika majalada ya maandishi tupu, na taasisi ya Public Health England iliyapokea na kuyahamishia katika majalada ya Excel ya muundo wa zamani. Muundo huo hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa, hata jalada moja likatosha wagonjwa wapatao 1,400 tu. Ugonjwa ulipoenea, majalada yalijaa, na mistari iliyozidi ikaachwa nje pasipo kengele wala onyo. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, wagonjwa 15,841 hawakuingizwa katika hesabu. Wao wenyewe walikuwa wamekwisha kupewa majibu yao. Waliokosa habari ni watu waliokaa, kula au kusafiri pamoja nao, ambao walipaswa kutafutwa na kuambiwa wajitenge. Vipimo vyote vilikuwa sahihi. Kilichopungua ni mtu au programu ya kuuliza swali moja: mistari iliyotumwa ni mingapi, na iliyopokewa ni mingapi?

Programu zilizobuniwa kwa kazi hii hasa, ambazo wenye taaluma huziita LIMS na ambazo zilianza kuenea katika miaka ya 1980, huuliza maswali ya namna hiyo kila hatua. Msingi wake ni hifadhidata, ambamo thamani haiwezi kuingia bila ya sampuli yake, kizio chake na jina la aliyeiingiza. Vyombo vya kupimia huunganishwa moja kwa moja, ili tarakimu isipite katika mkono wa mtu. Thamani isiyoaminika huzuiwa mpaka mkuu wa maabara aitazame. Na thamani ya mgonjwa huyo huyo ya wiki iliyopita huwekwa kando yake, kwani tofauti kubwa mno mara nyingi huashiria kwamba vichupa viwili vimebadilishana. Jambo kuu kuliko yote ni kwamba masahihisho hayafuti. Mafundi wa zamani walifundishwa kukata kosa kwa mstari mmoja ili lililo chini lisomeke, kisha kutia saini na tarehe. Idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, FDA, iliipeleka kanuni hiyo katika kompyuta mwaka 1997: mfumo wenyewe sharti uandike nani alibadili nini na lini, na thamani ya kwanza isifichwe. Kiwango cha ISO/IEC 17025 cha mwaka 2017 nacho huitaka maabara iuthibitishe mfumo wake kabla ya kuanza kuutumia.

Katika taarifa ya mwisho huwapo hatari moja ambayo mara nyingi husahauliwa. Chombo kisichoweza kuona aseniki iliyo chini ya mikrogramu 20 kwa lita hutoa jibu «chini ya 20». Programu isiyojua kutunza neno «chini ya» huandika 0, au huacha nafasi wazi. Kwa kuwa kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 10, jibu lile la kwanza lilikuwa na maana kwamba usalama wa maji haujulikani. Sifuri inasema kwamba maji ni salama.

Afrika Mashariki si mgeni katika mambo haya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis. Taasisi hiyo hiyo ndiyo iliyoanzisha, mwaka 1994, orodha ya LOINC inayokipa kila kipimo cha maabara namba yake ya pekee, ili jibu lifahamike kila linakokwenda. Lakini programu iliyo njema haitoshi pale umeme unapokatika na pale watu watano wanapotumia neno moja la siri. Katika hali ya pili, jina linaloandikwa kando ya kila thamani halimtambulishi mtu yeyote. Maabara yenye sampuli chache kwa siku yafaa ibaki na daftari lililoshonwa, lenye kurasa zilizopigwa namba, mpaka mambo hayo yatengenezwe.

Kwa zile zinazonunua mfumo, la kuangaliwa kabla ya bei ni kama kumbukumbu zote zaweza kutolewa nje katika maandishi yasomwayo na programu nyingine, kwa kuwa kampuni hufilisika na maabara hubaki. La pili ni nakala za akiba. Jaribio lake hufanywa kwa kuirudisha nakala hiyo katika kompyuta tupu, kuiomba taarifa ya mwaka uliopita, na kuilinganisha mstari kwa mstari na ile iliyopelekwa kwa mwenyewe.