Mzazi mwenye kisukari kule Diff alishwe nini?

Wasomaji wengi walio Nairobi, Mombasa na Garissa huniuliza swali moja. Mzazi aliyebaki Diff, Habaswein au Dadaab amepimwa na kukutwa na kisukari. Je, apikiwe nini? Aghalabu zahanati imemwambia aache sukari, basi. Shauri hilo ni sahihi lakini halitoshi, na kwa mtu wa miaka 70 anayemeza dawa laweza hata kumhatarisha.

Zamani mfugaji alitembea kutwa nyuma ya ngamia, akaishi kwa maziwa na nyama. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mifugo mingi iliangamia na jamaa nyingi zikahamia mijini. Huko chakula ni cha dukani: wali, pasta, anjera ya unga mweupe, mafuta na sukari. Naye mzee hushinda ameketi kivulini. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu, kwa hivyo wengi hugundua wakiwa tayari na kidonda cha mguu au macho yaliyofifia.

Anza na chai. Kijiko kimoja cha chai hubeba gramu 4 au 5 za sukari. Vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ni gramu 60 au zaidi, ilhali Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ikiwezekana mtu asipite gramu 25 hivi. Usimnyang'anye mzee chai yake, maana atakunywa kwa jirani. Punguza nusu kijiko kila wiki, ukiongeza iliki, mdalasini na tangawizi. Ulimi huzoea.

Sasa maziwa ya ngamia. Wapo wanaoamini kwamba yanaponya kisukari, na imani hiyo haikutoka hewani. Madaktari wa Bikaner, India, waliwapa wagonjwa wanaotumia insulini nusu lita kila siku, wakaona mahitaji yao ya insulini yamepungua. Lakini wagonjwa hao walikuwa wachache na waliendelea kujidunga sindano zao. Tena maziwa hayo yana sukari yake ya asili kama ya ng'ombe. Kwa maoni yangu, kikombe kimoja au viwili kwa siku bila sukari ni chakula bora kwa mzee; lita mbili badala ya dawa ni hatari. Yachemshwe kwanza, kwa sababu maziwa mabichi hueneza homa ya bruselosi.

Kuhusu sahani, wali au pasta ichukue robo tu, nyama robo, na nusu iwe mboga. Najua mboga ni adimu Diff kuliko Garissa, ambako mashamba ya Mto Tana yako karibu. Basi kunde na maharagwe makavu yatafaa, bila ile sukari ambayo wengi huinyunyizia juu. Ndizi inayoliwa pamoja na wali ihesabiwe kuwa sehemu ya wanga, na tende ziwe mbili au tatu, si sahani nzima.

Jamaa wengine hukata wanga wote, wakampa mzee nyama peke yake. Hata paka mzee aliyenenepa hupata kisukari, na kwake madaktari wa mifugo hushauri chakula chenye protini nyingi na wanga kidogo, kwa kuwa ameumbwa kula nyama. Mzee si paka. Akinyimwa chakula alichozoea hula kidogo mno, hukonda, misuli hulegea, na kuanguka kwake mara moja kwaweza kumvunja nyonga. Kama meno yamekwisha, nyama ichemshwe mpaka ilainike, ipondwe.

Hatari kubwa zaidi ni sukari kushuka. Ukipata pakiti ya dawa zake, soma jina. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, na Shirika la Afya Duniani linasema haifai kwa waliopita miaka 60. Muulize daktari kuhusu gliklazidi. Anayetumia dawa za aina hii au insulini asimeze wala kudungwa kisha akose kula. Akitoka jasho, akatetemeka au akaanza kusema ovyo, watu hudhani ni uzee au malaria. Apimwe, ikiwa ni chini ya milimoli 4 kwa lita, au hakuna mashine, anyweshwe maji yenye vijiko vitatu vya sukari mara moja, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha apewe chakula. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Ramadhani nayo ipangwe mapema. Dini imemruhusu mgonjwa kula, lakini wazee wengi hufunga kimyakimya. Mpeleke kwa daktari mwezi mmoja au miwili kabla, ili iamuliwe kama anaweza kufunga na dawa zibadilishwe vipi. Aliyekubaliwa kufunga asikose daku, na sukari yake ikishuka chini ya 4 afungulie papo hapo, hata kama magharibi imebakia nusu saa.