Ndubi, chelezo na boya: kutengeneza kinachoieleza ngalawa kuukuu

Mfasiri anayekabidhiwa mwongozo wa kigeni juu ya kutengeneza au kubadilisha vifaa vya kuelea vya mtumbwi wa zamani hukutana mara moja na maneno matatu: boya, chelezo na ndubi. Yote yanahusu kitu kinachokaa juu ya maji, na kamusi ndogo huweza kumpa lolote kati ya hayo. Lakini mvuvi wa Chokocho, kusini mwa Pemba, akiambiwa abadilishe maboya, atakwenda kutazama nyavu zake. Akiambiwa abadilishe ndubi, atashika tezo. Makala hii inaeleza tofauti hiyo pamoja na kazi yenyewe, kwa kuwa jina la sehemu ya chombo haliwi wazi mpaka ijulikane sehemu hiyo inafanya nini.

Mtumbwi na ngalawa

Mtumbwi ni gogo lililochongwa ndani likawa chombo. Ngalawa (hutamkwa pia ngarawa) ni chombo cha namna hiyohiyo, mara nyingi cha gogo la mwembe, kilichoongezwa mlingoti, tanga na matengo. Miti miwili hukingamishwa juu ya kingo zake, mmoja upande wa omo na mmoja upande wa tezi, na kwenye ncha za miti hiyo, kulia na kushoto, hufungwa ubao mrefu unaokwenda sambamba na chombo.

Katika makala hii tunauita mti wa kukingama mrengu (wingi: mirengu), ubao wa pembeni ndubi, na mfumo mzima matengo. Msomaji asishangae kusikia maneno haya yakibadilishana nafasi kutoka bandari moja hadi nyingine. Mfasiri mwangalifu huyafafanua mara ya kwanza anapoyatumia, kisha hayabadilishi tena.

Vyombo vyenye matengo hupatikana pia Komoro na Madagaska, na wataalamu wengi huvihusisha na mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi kutoka visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia. Mtumbwi wa Wavezo wa Madagaska una ubao upande mmoja tu. Ngalawa yetu ina ndubi mbili.

Ndubi hufanya nini?

Wengi hudhani kwamba ndubi huizuia ngalawa isipinduke kwa sababu ni nyepesi na huelea. Hiyo ni nusu ya jibu. Ndubi ya ngalawa ni ubao uliolazwa kwa mshazari. Upepo unapolisukuma tanga, chombo hulalia upande wa demani, yaani upande ambao upepo unaelekea, na ndubi ya upande huo hugusa maji. Kwa kuwa chombo kinakwenda mbio, maji huusukuma juu uso wa chini wa ubao, nao huteleza juu ya maji badala ya kuzama. Ndubi basi hutegemea vitu viwili: wepesi wa mti wake na mwinamo wa ubao wake. Ndubi mpya iliyo nyepesi lakini imefungwa kwa mwinamo usiofaa inaweza kupiga mbizi ikaivuta ngalawa chini pamoja nayo.

Kukagua

Ngalawa huvutwa pwani wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, ikawekwa juu ya magogo ili maji yakipwa ibaki pakavu. Fundi huangalia mambo manne:

1. Uzito. Ndubi zikifunguliwa, huinuliwa moja baada ya nyingine. Iliyo nzito kuliko mwenzake imekunywa maji.
2. Sauti. Mti mzima ukigongwa kwa mpini wa kisu hulia. Uliooza hujibu kwa sauti iliyokufa.
3. Matundu. Mdudu wa baharini atoboaye mbao huingia kwa tundu dogo, kisha hupanua njia yake ndani. Tundu la nje halionyeshi ukubwa wa hasara.
4. Mafungo. Tundu za kamba zikiwa zimepanuka, ubao utacheza hata kamba ikiwa mpya.

Matundu machache hugangwa: huzibwa kwa vijiti vilivyochongwa, kisha hukalafatiwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Ncha iliyooza huweza kukatwa na kuungwa kiraka. Lakini mdudu akiwa amekwenda kwa urefu wa ubao, au tundu za kamba zikiwa zimepasukiana, hakuna la kuganga. Ndubi hiyo haifai tena.

Kubadilisha

Kosa kubwa ni kuitupa ndubi ya zamani kabla ya kuipima. Huo ubao mbovu ndio kigezo. Kabla ya kukata kamba yoyote, pima kwa uzi umbali wa ndubi kutoka ubavuni mwa chombo, kwenye omo na kwenye tezi. Pima pia kimo chake, na utie alama ya mkaa kwenye mrengu ionyeshayo mwinamo. Vipimo hivi ndivyo vitakavyorudishwa.

Ubao mpya huchongwa kwa mti mwepesi uliokauka vyema, ukapunguzwa unene kuelekea omo ili ukate maji, na uso wake wa chini ukalainishwa. Ni bora kuzibadilisha ndubi zote mbili pamoja, kwani mpya iliyo nyepesi na kuukuu iliyo nzito haziwezi kukaa sawa.

Ndubi hufungwa kwa kamba, kwa sababu viungo vya matengo vinatakiwa vilegee kidogo katika mawimbi. Msumari haulegei: hula kutu, nao hupasua mti. Kamba ya usumba hujikaza ikilowa, ila huoza na hutaka kubadilishwa. Kamba ya nailoni haiozi, lakini huteleza katika mafundo na huliwa na jua.

Mwisho ni kujaribu. Ngalawa hushushwa kwenye maji matulivu ya kina kifupi, ikiwa tupu kwanza, kisha ikiwa na watu. Kinachotafutwa ni usawa: ndubi zote mbili zikae kwa kimo kimoja. Tanga halipandishwi kabla ya hapo.

Madumu matupu

Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara na kuzamishwa lote huinua takriban kilo 19 au 20. Likifungwa chini ya kikalio, litasaidia ngalawa iliyojaa maji isididimie, na litampa mtu kitu cha kushika. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini dumu halichukui nafasi ya ndubi: halina mwinamo, halitelezi juu ya maji, na likining'inizwa pembeni hukokota. Mwongozo unaotumia neno moja kwa vitu hivi viwili unaweza kumtoa mtu baharini bila ya kinga aliyodhani anayo.

Maneno

Tuanze na kitenzi *-elea*, kukaa juu ya maji, pia kuwa wazi akilini: «Maneno yako yamenielea.» Kauli ya kusababisha ni *-eleza*, kufanya kielee, na kwa maana iliyozoeleka zaidi, kufafanua. Methali «Ukiona vyaelea, vimeundwa» hutumia *-unda*, kitenzi cha kujenga chombo.

*Chelezo* hutokana na mzizi huohuo: ni kitu chochote kieleacho kilichofungwa kwenye mshipi au wavu, na pia miti iliyofungwa pamoja ikawa chombo. *Boya*, lililotoka katika Kireno, ni kieleacho cha wavu au cha kuonyesha njia na nanga. *Ndubi* ni sehemu ya ngalawa, wala haitumiki nje ya chombo cha namna hiyo.

Kwa hiyo:

- Si: «Badilisha maboya ya ngalawa.» Bali: «Badilisha ndubi za ngalawa.»
- Si: «Ndubi ya wavu imepotea.» Bali: «Boya la wavu limepotea», au «Chelezo cha wavu kimepotea.»
- Kwa povu gumu au madumu yaliyotiwa ndani ya chombo: «vifaa vya kukieleza chombo kikijaa maji.» Maelezo haya ni marefu, lakini hayamdanganyi anayekwenda baharini.