Injini Zilizobeba Maji Ubavuni

Reli iliyo karibu zaidi na Kiomboi leo huishia Singida mjini, ikitokea Manyoni. Zamani za Mwingereza iliendelea hadi Kinyangiri, ndani ya Iramba ya wakati ule, kisha kipande hicho kikang'olewa kabla ya uhuru. Wanaosimulia magarimoshi ya enzi hizo hupenda kutaja majitu: zile Garratt ndefu za miaka ya 1950 zilizopewa majina ya magavana. Injini ndogo zilizoshinda bandarini na yadini hazitajwi, na hilo si haki, kwa sababu udogo wao haukuwa upungufu. Ulikusudiwa.

Injini kubwa ya kawaida hukokota nyuma yake behewa la maji na makaa. Injini ya tangi hubeba vyote mwilini, maji yakikaa katika matangi pande mbili za bwela, kama punda wa Singida na madumu yake. Hapo hupatikana faida mbili. Uzito wa maji hugandamiza magurudumu kwenye reli, yasiteleze mzigo unapoanza kuvutwa. Tena, kwa kuwa hakuna behewa la nyuma linalomziba dereva macho, injini hurudi kinyumenyume bila shida na bila kutafuta mahali pa kugeuzwa. Kati ya 1926 na 1930 Reli ya Kenya na Uganda ilipata injini 27 za namna hii, daraja la ED1, zenye magurudumu sita ya kuvuta, na madogo mawili mbele na mawili nyuma. Tanganyika nayo ilipata chache zinazofanana nazo, daraja la ST.

Mtu anaweza kupinga kwamba huko Uingereza injini za tangi zilipata heshima kwa kusafirisha watu wa vitongojini, kama zile za N2 alizobuni Nigel Gresley mwaka 1920 kwa treni za King's Cross, London, ilhali zetu zilisukuma mabehewa tu. Lakini tazama kazi yenyewe: safari fupi, kwenda na kurudi kutwa, maji yakiwa jirani. Kazi ni ileile, mzigo ndio tofauti. Na mkonge au pamba haikupanda meli kwa sababu tu Garratt imeifikisha pwani. Ilibidi mabehewa yatenganishwe, yapangwe upya, yasogezwe gatini moja baada ya jingine. Bila injini ndogo, ile kubwa ingesimama na treni yake ikingoja.

Hoja nzito zaidi ni ya ukame. Injini ya tangi haifai nyika ndefu: matangi ni madogo, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo ule mgandamizo kwenye reli unavyopungua nao. Katika nchi kavu kama ya Manyoni na Singida, kuipa treni ya mizigo ya masafa ni kuionea. Nakubali, na ndiyo maana nasema kipimo cha injini si ukubwa wake bali umbali wa kazi na yalipo maji. Hata sasa ambapo mvuke umekwisha, lile hitaji la kurudi bila kugeuka halijaisha: treni ya mchongoko ya Dar es Salaam na Dodoma ina chumba cha dereva mbele na nyuma.