Singo, kopi na video: nani hulipwa bendi inapovuma?

ISANSA, Mbozi – Mkulima wa Isansa anayepeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi anajua mambo mawili ambayo bendi nyingi za vijana huchelewa kuyajua: sampuli na stakabadhi. Sampuli humwezesha mnunuzi kuonja kabla ya kutaja bei. Stakabadhi huonyesha mali ni ya nani. Katika biashara ya muziki singo ndiyo sampuli, na malipo ya kudumu huenda kwa mwenye stakabadhi, ambaye mara nyingi si yule anayeonekana kwenye video.

Mfano mzuri wa karibu ni Them Mushrooms ya Mombasa. Bendi hiyo iliundwa mwaka 1972 na ndugu wa familia ya Harrison. Walipenda reggae, lakini riziki yao ilikuwa kwenye hoteli za kitalii za pwani ya Kenya. Mwenye hoteli hanunui ubunifu. Analipa ukumbi uchangamke, na mgeni hutaka kusikia anachokijua, ndiyo maana bendi za hoteli huishi kwa kupiga kopi za nyimbo za wengine. Ni mshahara wa uhakika, ila hauachi mali yoyote: siku mkataba ukiisha, bendi hutoka na vyombo vyake tu, kama ni vyake.

Them Mushrooms walitoka hapo kwa singo moja, "Jambo Bwana", iliyotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutolewa mwaka 1982. Ni salamu na maneno machache ya kumkaribisha mgeni, mepesi kiasi kwamba mtalii wa wiki moja aliweza kurudi kwao akiuimba. Kwa jicho la biashara ujanja uko hapo. Bidhaa ilitengenezwa kwa ajili ya mnunuzi ambaye tayari alikuwa ameketi mbele ya jukwaa, ana fedha za kigeni, na anatafuta kumbukumbu ya safari. Hadi mwaka 1987 nakala zaidi ya 200,000 zilikuwa zimeuzwa nchini Kenya na santuri ikapewa hadhi ya platinamu. Wapo wanaouona wimbo huo kuwa wa kuwafurahisha Wazungu tu. Huenda, lakini hakuna mfanyabiashara anayemcheka mwenzake kwa kumjua mteja wake.

Ndipo kopi ikageuka upande. Mwaka 1983 Boney M, kundi lililoundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian, lilitoa toleo lake la wimbo huo likiitwa "Jambo – Hakuna Matata". Bendi iliyokuwa ikiimba nyimbo za wageni sasa ikaimbwa na wageni.

Hapa inafaa kueleza hesabu yenyewe, kwa kuwa ndipo wengi hupotea. Wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo. Ya pili ni ile rekodi iliyopigwa studio. Anayerudia wimbo hutengeneza rekodi yake mwenyewe na kuimiliki, lakini utunzi unabaki wa mtunzi, na kila nakala inayouzwa inapaswa kumlipa. Kwa hiyo mtunzi mwenye hati hana sababu ya kuchukia kopi: ni shamba lake linalolimwa na mtu mwingine kwa kodi.

Asiye na hati hali yake ni tofauti. "Malaika" umeimbwa na Miriam Makeba, na Boney M waliutoa mwaka 1981. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mapema na kujulikana kama mtunzi wake, huku Adam Salim, Mtanzania, akidai kuwa ni yeye aliyeutunga. Wimbo ulizunguka dunia nzima na ubishi ukaufuata nyuma.

Kwa upande wa Tanzania Bara, bendi za miaka ya 1970 zilikuwa na tatizo lililotangulia hata hilo la hati. Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi na kuzirusha hewani, sifa zikaenea hadi vijijini, lakini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri nchini. Kazi hiyo ilifanyika Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983 njia hiyo ikawa ngumu. Sampuli ilionjwa na kila mtu, ghala likawa tupu. Bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam, iliyopiga muziki wa roki uliochanganywa na midundo ya Kiafrika, ilipata albamu yake "Ave Africa" Zambia, ng'ambo ya mpaka huu wa Tunduma, mwaka 1976.

Video nazo zilichelewa. Televisheni za binafsi zilianza Bara mwaka 1994, na kabla ya hapo bendi ya huku haikuwa na mahali pa kuonekana isipokuwa ukumbini. Leo simu moja yenye kamera nzuri inatosha, na hilo limeshusha gharama ya kutoa sampuli karibu na sifuri. Haki haikushuka pamoja nayo.

Chukulia kijana wa Isansa anayerudia wimbo unaovuma, akajipiga picha katikati ya mibuni na kuiweka video YouTube. Mtandao huo una mfumo wa kutambua nyimbo zilizosajiliwa kwake. Mwenye wimbo anaweza kuamua video iondolewe, au ibaki na fedha za matangazo zimwendee yeye. Watazamaji laki moja wanaweza kumletea kijana mialiko ya harusi, jambo ambalo si dogo, lakini shilingi ya video yenyewe asiihesabu. Nchini, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamtaka anayegeuza au kurekodi kazi ya mwingine apate ruhusa, na haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote pamoja na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili kazi hufanyika COSOTA, na usajili ni ushahidi wa kushika mkononi ubishi unapozuka. Bendi yenye watu watano iandike mapema nani ametunga nini, kabla singo haijavuma, kwa sababu ikishavuma kila mmoja hukumbuka kuwa ni yeye aliyeleta kiitikio.

Kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, mteja hulipia idadi ya nyimbo na mwenye kibanda hutoa umeme, pango na faida yake. Fungu la mtunzi halimo kwenye hesabu hiyo. Sunburst nao walisubiri hadi mwaka 2016, miaka 40 baada ya albamu yao, ndipo kampuni ya Strut ilipoikusanya kazi yao na kuirudisha sokoni, Ulaya.