Sketi za Ngozi za Wairaqw: ya Kale na Mpya

Mwanachama wa Mbulu au Karatu akileta chamani sketi ya ngozi iliyonakshiwa kwa shanga, Katibu yampasa aulize kwanza: je, ni ya kale au ni mpya? Utaratibu wa aina hizo mbili haufanani.

Sketi ya kale ilitokana na marmo, yaani unyago wa wasichana wa Kiiraqw. Wakiwa wametengwa, wasichana walishona shanga za kioo juu ya ngozi iliyolainishwa. Shanga zilitoka kwa wafanyabiashara, lakini nakshi na saburi vilikuwa vya mshonaji. Marmo ilikoma wakati wa utawala wa Waingereza. Kwa hiyo sketi za namna hiyo haziongezeki. Baadhi zimekwisha kuhamia katika majumba ya makumbusho ng'ambo.

Sketi hiyo isiingizwe katika daftari la bidhaa. Mwenye shida ya fedha ashauriwe kukutana na ukoo wake, na Afisa Utamaduni wa wilaya, kabla ya kumsikiliza mchuuzi. Ikiuzwa leo kwa bei ya debe la mahindi, mjukuu hataipata tena kwa bei yoyote.

Sketi mpya ni bidhaa halali. Katibu aandike gharama ya ngozi, shanga na uzi, kisha siku za kazi. Siku zikisahauliwa, mshonaji hupunjika. Aidha, isiuzwe kwa jina la kale. Huo ni udanganyifu, nao huvunja imani ya wanunuzi kwa chama kizima.