Mkanda wa saa ukipwaya, faida huondoka: namna ya kuupunguza nyumbani

RUSIZI – Saa yenye mkanda wa chuma hutoka kiwandani ikiwa na pingili nyingi kuliko zinazohitajiwa na mikono ya watu wengi. Kiwanda hufanya hivyo kwa makusudi: pingili zikizidi zitatolewa, lakini zikipungua ni vigumu kupata nyingine za aina hiyo hiyo.

Kwa mchuuzi anayenunua saa Kamembe na kuvuka mto Rusizi kwenda kuziuza Bukavu, jambo hilo dogo laweza kuamua bei. Mteja huvaa saa, hutikisa mkono, nayo huteleza hadi kiganjani. Hapo huomba apunguziwe bei ili akamlipe fundi, au huirudisha na kwenda zake.

Punguzo hilo huuma. Rwanda na Kongo ni wanachama wa COMESA, yenye utaratibu uliorahisishwa kwa wachuuzi wadogo. Hata hivyo, nafuu ya ushuru katika utaratibu huo ni ya bidhaa zinazotoka ndani ya nchi wanachama na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Saa nyingi hutengenezwa Asia, hivyo haziingii humo. Faida inayobaki baada ya ushuru na nauli haistahili kuliwa na pingili mbili.

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Yatosha meza penye mwanga, kitambaa cheupe, nyundo ndogo, bisibisi ndogo, ubao wenye mfereji wa kusimamishia mkanda, na kijiti cha chuma kilicho chembamba kuliko pini. Sindano ya kushonea haifai. Huvunjika, na kipande chake chaweza kuruka jichoni.

Kwanza ni kupima. Saa huvaliwa, ziada ya mkanda hubanwa kwa vidole, kisha pingili zilizozidi huhesabiwa. Mkanda uliokaa vizuri hupitisha ncha ya kidole cha mwisho kati ya chuma na mkono. Asiachiwe mteja saa inayombana asubuhi yenye baridi ya ziwani. Akishuka Bugarama kwenye joto, mkono hutanuka kidogo na saa itamuumiza.

Kama ziada ni ndogo, mara nyingi hakuna haja ya kutoa pingili. Vifungo vingi vina matundu madogo pembeni. Pini ya springi ikisogezwa tundu moja au mawili, kazi imekwisha.

Ziada ikiwa kubwa, pingili hutolewa kwa idadi sawa pande zote mbili za kifungo, ili kifungo kibaki katikati chini ya mkono. Zikiwa witiri, ile ya ziada kwa kawaida hutolewa upande wa chini, ilipo namba 6 ya saa.

Ndani ya mkanda mara nyingi kuna mishale midogo. Pini husukumwa kutoka kwa kufuata mshale, na hurudishwa kwa kuelekea kinyume chake, ncha nzima ikitangulia na ncha iliyopasuka ikifuata. Anayelazimisha kinyume hupinda pini na kukwaruza mkanda. Pasipo mshale, na pembeni pakionekana kichwa chenye mfereji, huenda hiyo ni skrubu: hufunguliwa kwa bisibisi, haigongwi. Ikigoma, ni heri kumpelekea fundi saa kuliko kuharibu kichwa chake.

Mtego mkubwa uko kwenye mikanda ambayo pini yake hushikwa na kibomba kidogo kuliko punje ya mchele. Mikanda mingi ya Seiko iko hivyo. Pini ikitoka, kibomba huanguka, na ndiyo maana ya kitambaa cheupe. Kikipotea, pini itaingia na kuonekana sawa, lakini haitashika. Siku moja itachomoka na saa itaanguka, pengine kutoka juu ya bodaboda.

Pini ikisharudi, kidole hupitishwa pembeni kuhakikisha haikutokeza, kisha mkanda huvutwa kwa nguvu ya kiasi.

Nyumbani ndiko kwa kujifunzia, kwa mkanda wa zamani au wa saa ya mwenyewe. Shehena ya kuuza haipunguzwi mapema, kwa kuwa mkono wa mnunuzi haujulikani. Vifaa hubebwa, na kazi hufanywa mteja akiwa amesimama hapo.

Pingili zilizotolewa, pamoja na pini zake, ni mali ya aliyenunua. Mchuuzi humtilia kwenye mfuko mdogo na kumkabidhi. Akinenepa, au akitaka kuiuza saa hiyo kwa mtu mwenye mkono mkubwa, atazihitaji, na atakumbuka nani alimpa.