Watafiti waliofuata uvimbe wa taya kutoka Mulago hadi Shirati

Mgonjwa wa saratani ya damu akiuliza ugonjwa wake umetoka wapi, mara nyingi daktari hana jibu la uhakika la kumpa. Kwa limfoma ya Burkitt tunalo jibu lililokaribia kukamilika, na sehemu kubwa ya kazi ya kulitafuta ilifanyika Uganda, Kenya na Tanzania. Huu ni uvimbe wa watoto, wengi wao wakiwa chini ya miaka 10. Hujitokeza kwenye taya au tumboni, lakini chimbuko lake ni seli B, zile seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Ndiyo maana tunauhesabu miongoni mwa saratani za damu.

Mwaka 1957, Dk. Hugh Trowell wa hospitali ya Mulago, Kampala, alimwita Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote nne: juu na chini, kushoto na kulia. Jipu la jino halivimbi hivyo. Wiki chache baadaye Burkitt alikuwa hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake kwenye majani, uso umevimba vilevile. Alipompima alikuta na tumbo nalo lina uvimbe.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko yote yaliyofuata: alirudi kwenye mafaili. Mulago kulikuwa na kumbukumbu za vipimo na rejista ya saratani iliyokwisha kuanzishwa Kampala, na watoto wa namna ile walikuwamo tele. Tatizo ni kwamba kila uvimbe ulikuwa umepewa jina la mahali ulipokutwa, huyu wa taya, yule wa figo, mwingine wa ovari, na hakuna aliyekuwa ameuunganisha. Burkitt aliuunganisha na kuchapisha maelezo yake mwaka 1958. Baadaye Gregory O'Conor, mwanapatholojia aliyekuwa Makerere, alithibitisha kwa hadubini kwamba wote ni ugonjwa mmoja, limfoma.

Swali lililofuata lilikuwa la ramani. Burkitt alituma vikaratasi vyenye picha za ugonjwa kwa hospitali za Afrika nzima, akiuliza kama wamewahi kuona kitu hicho. Kisha, Oktoba 1961, yeye na madaktari wamisionari Ted Williams na Cliff Nelson walinunua gari aina ya Ford la mwaka 1954 kwa pauni 250 wakashika barabara. Walikwenda maili 10,000 hivi kwa wiki 10, kutoka Uganda, kupitia Tanganyika iliyokuwa ikingoja uhuru, hadi Afrika Kusini, wakisimama hospitali hata hospitali. Walichokuwa wakitafuta ni mahali ugonjwa unapokoma. Waligundua kwamba karibu na ikweta hauonekani sana juu ya mita 1,500, na kadiri unavyokwenda kusini ndivyo unavyobaki mabondeni na pwani tu. Ulihitaji joto na mvua. Nyanda za juu za Rwanda na Burundi zilikuwa karibu salama.

Joto na mvua vikitajwa pamoja Afrika, mtu hufikiria mbu. Burkitt naye alifikiri hivyo: pengine kuna virusi vinavyosambazwa na mbu. Machi 1961 alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Wakaafikiana vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu Epstein hakuona chochote. Desemba 1963 ndege ilicheleweshwa na ukungu ikatua Manchester, na sampuli ilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka. Wengi wangeitupa wakidhani imeingia bakteria. Epstein aliiweka chini ya hadubini akakuta uchafu ule ni seli za uvimbe zinazoelea zikiwa hai. Yvonne Barr alizikuza maabara, na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, alifanya kazi ya hadubini ya elektroni pamoja na Epstein. Mapema mwaka 1964 waliviona virusi. Vilipewa jina la Epstein na Barr. Achong hakutajwa, na naona hilo si haki.

Kisha mambo yakageuka. Wanandoa Werner na Gertrude Henle, kule Philadelphia, walionyesha kwamba virusi hivyo vimeenea kwa watu duniani kote. Zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi wanavyo, na huenezwa kwa mate, si kwa mbu. Mbona basi wote hatuugui? Mbu alirudi kwenye hesabu kwa mlango mwingine: malaria.

Kuthibitisha yote mawili, virusi na malaria, kulidai subira. Wilayani West Nile, Uganda, kuanzia mwaka 1972, timu ya mtafiti Guy de-Thé ilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wazima, ikaigandisha, ikasubiri. Mwaka 1978 walitangaza kwamba waliokuja kuugua walikuwa na kingamwili nyingi mno dhidi ya virusi hivyo muda mrefu kabla ya uvimbe kuonekana. Fikiria akina mama waliokubali mtoto mzima achomwe sindano kwa ajili ya ugonjwa ambao huenda asiupate kamwe. Bila wao pasingekuwa na utafiti.

Mkoani Mara, Tanzania, eneo la hospitali ya Shirati, watoto walipewa klorokwini kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 ili ionekane kama malaria ikipungua limfoma nayo itapungua. Ilipungua. Lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla dawa haijagawiwa, na malaria yenyewe ilirudi juu baadaye. Watafiti waliandika hivyo hivyo, bila kupamba.

Ushahidi wa seli ulikuja kujaza pengo. Malaria ya mara kwa mara huzifanya seli B zigawanyike mfululizo, na huamsha kimeng'enya kinachokata vinasaba ili kurekebisha kingamwili. Kikikosea, kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kwenye ya 14, na jeni iitwayo MYC ikaachwa inafanya kazi bila kuzimwa. Seli ya namna hiyo kwa kawaida hujiua. Virusi husaidia kuizuia isife.

Kazi hii sasa inaongozwa na watu wa kwetu pia. Kati ya mwaka 2010 na 2016 utafiti wa EMBLEM ulichunguza watoto kaskazini mwa Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, chini ya Sam Mbulaiteye, daktari Mganda aliyeko Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, pamoja na wenzake kama Martin Ogwang wa Gulu. Matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba watoto waliorithi jeni moja ya selimundu, ambayo huwakinga dhidi ya malaria kali, hupata limfoma hii kwa nadra zaidi. Jeni mtoto huzaliwa nayo, kwa hiyo ushahidi huu una nguvu kuliko kuwauliza wazazi mtoto aliugua malaria mara ngapi.

Chandarua, basi, kinaweza kuwa kinga ya saratani hii pia. Na ukiona meno ya mtoto yanalegea kabla ya wakati wake, taya linavimba au tumbo linajaa ndani ya siku chache, usingoje wala usiridhike na kung'olewa jino. Seli za uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja hivi, lakini pia ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri zaidi. Mpeleke mtoto hospitali inayoweza kuchukua kinyama na kukipima, na mweleze daktari uvimbe ulianza lini.